Sura ya Sita: Nyota Moja Iliyogeuka Elfu Tatu

Mwaka 1981 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya wanaastronomia watatu wa Wisconsin: Joseph Cassinelli, John Mathis na Blair Savage. Walidai kwamba katikati ya wingu kubwa la gesi liitwalo Tarantula kuna nyota moja yenye uzito wa Jua letu mara 2,500 hivi. Dai hilo lingethibitika, vitabu vya fizikia ya nyota vingelazimika kuandikwa upya. Nyota ikizidi uzito fulani, mwanga wake wenyewe huwa na nguvu ya kusukuma gesi ya tabaka zake za juu na kuitawanya angani. Hakuna aliyejua mpaka huo uko wapi hasa, lakini karibu kila mtu aliamini kuwa uko mbali sana chini ya 2,500.

Hoja ya watu hawa watatu haikuwa ya kubahatisha. Walitumia IUE, darubini ya anga iliyorushwa mwaka 1978 ikiwa na kioo cha sentimita 45 tu. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa juu ya hewa yetu, kwa hiyo iliweza kupokea mwanga wa urujuanimno ambao tabaka la ozoni huuzuia usitufikie. Katika mwanga huo waliona upepo wa gesi ukitoka kwenye kitu hicho kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Waliona pia kwamba wingu zima la Tarantula, lenye upana wa mamia ya miaka nuru, linahitaji chanzo kikubwa mno cha nishati ili ling'ae namna ile. Nishati hiyo ilionekana kutoka kwenye nukta moja, na nukta moja ya mwanga huchukuliwa kuwa nyota moja mpaka ithibitike vinginevyo.

Kitu chenyewe kiliitwa R136. Herufi R inatoka kwenye jina la Radcliffe, kituo cha kutazama nyota kilichokuwa Pretoria, Afrika Kusini. Mwaka 1960 Michael Feast, A. D. Thackeray na Adriaan Wesselink, wakitumia darubini ya kituo hicho yenye kioo cha mita 1.9, walichapisha orodha ya nyota zinazong'aa kuliko zote katika Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo zilizo jirani na galaksi yetu. Nambari 136 katika orodha yao ilikuwa ile nukta ya katikati ya Tarantula. Nasisitiza jambo hili kwa sababu historia ya nyota hizi mara nyingi husimuliwa kana kwamba ilianzia Florida, kwenye uwanja wa kurushia vyombo vya anga. Ilianzia kwenye ardhi ya Afrika. Hata wingu lenyewe la Tarantula lilitambuliwa kuwa ni wingu, wala si nyota, na padri Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751.

Umbali wa kutoka hapa hadi R136 ni zaidi ya miaka nuru 160,000. Mwanga tunaoupokea usiku wa leo ulianza safari katika zama za wale watu wa Herto, Ethiopia, ambao mafuvu yao ya miaka 160,000 hivi ni miongoni mwa mabaki ya kale kabisa ya binadamu wa aina yetu.

Dai la nyota ya mara 2,500 lilidumu miaka minne. Mwaka 1985 Wajerumani wawili, Gerd Weigelt na Gerhard Baier, wakitumia darubini iliyoko La Silla, Chile, walipiga picha nyingi za muda mfupi mno, sehemu ndogo tu ya sekunde, ili kila picha inase anga kabla hewa haijatikisika. Baadaye wakazichambua zote pamoja kwa hesabu. Nukta ile ikapasuka. Ndani yake walihesabu nyota nane, zote zimebanana kwenye sehemu ndogo ya katikati ya R136.

Mtu aliyewahi kusimama ufukweni usiku wa kuvua dagaa ataelewa mara moja kilichotokea. Ngalawa zikiwa mbali sana, taa zao huungana na kuwa mwanga mmoja juu ya maji, na mtu akiambiwa ni jahazi moja kubwa lenye taa kali ataamini. Kinachotofautisha taa kumi na taa moja ni ukali wa jicho linalotazama. Na kwa jicho lililo duniani, hewa ni adui. Joto na baridi huipinda miale ya nyota huku na huku, nyota zikameremeta, na nyota mbili zilizokaribiana zikachanganyika kuwa doa moja. Sioni sababu ya kuwalaumu Cassinelli na wenzake. Walipima mwanga wote kwa usahihi. Wao na darubini yao hawakuwa na njia ya kujua unatoka kwa wangapi.

Darubini ya Hubble ilipanda angani Aprili 1990, na R136 ilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo ilivyotazama. Wengi wanakumbuka balaa la kioo chake: ukingo wa kioo hicho cha mita 2.4 ulisuguliwa ukazidi kipimo kwa mikroni 2.2, chini sana ya unene wa unywele, na picha zikatoka na ukungu. Hata hivyo, picha hizo zenye kasoro zilionyesha nyota kadhaa mahali ambapo darubini za ardhini zilionyesha doa. Desemba 1993 wanaanga wa chombo cha Endeavour waliifuata Hubble hukohuko juu na kuifungia vifaa vya kurekebisha uoni wake. Miaka miwili baadaye Deidre Hunter na wenzake wakatoa hesabu mpya: nyota zaidi ya 3,000 katika R136 na viunga vyake. Kile kilichodhaniwa nyota moja kilikuwa mji mzima.

Vitu vya aina hii wataalamu huviita mafungu machanga na mazito ya nyota. Kwa kawaida ili fungu liitwe hivyo huwa na umri wa chini ya miaka milioni 100 na uzito wa zaidi ya Jua mara 10,000. Kipimo cha karibu tunachokifahamu sote ni Kilimia, lile fungu ambalo wakulima wa pwani na bara wamelitazama tangu zamani kujua majira. Kilimia lina nyota zipatazo 1,000, umri wake ni miaka milioni 100 hivi, na uzito wake wote haufiki mara 1,000 wa Jua. R136 lina umri wa miaka milioni moja na nusu hivi na uzito wa makumi ya maelfu ya Jua, na sehemu kubwa ya uzito huo imesongamana katikati. Kutoka Jua hadi nyota ya jirani, Proxima, ni miaka nuru 4.2, na katikati hapo hamna kitu. Tungeishi ndani ya kiini cha R136, kwenye nafasi hiyohiyo tungekuwa na majirani kwa maelfu, na usiku kama tunavyoujua usingekuwapo.

Katika galaksi yetu mafungu ya namna hii ni machache, na mengi yamefichwa na vumbi. Westerlund 1, lililogunduliwa na Bengt Westerlund mwaka 1961 akiwa Australia, lina uzito wa kati ya Jua mara 50,000 na 100,000, lakini kwa mwanga wa kawaida hulioni vizuri kwa sababu vumbi limetanda njiani. Mwaka 2005 darubini ya anga ya Chandra, inayotazama kwa eksirei, ilikuta ndani yake mabaki ya nyota iliyokwisha kufa, yenye nguvu kubwa mno ya sumaku. Kwa kuwa nyota za fungu moja huzaliwa karibu wakati mmoja, na nyota nzito hufa mapema kuliko nyepesi, watafiti waliweza kukadiria kwamba marehemu huyo alikuwa na uzito wa Jua zaidi ya mara 40. Wengi walitarajia nyota ya uzito huo iache shimo jeusi. Jambo hilo peke yake lingestahili sura yake.

Lakini swali kuu la sura hii ni lile la 1981: nyota inaweza kuwa nzito kiasi gani? Mahali pa kulijibu ni ndani ya mafungu haya, na sababu ni mbili. Nyota nzito ni adimu. Huzaliwa moja pale ndogo zinapozaliwa kwa maelfu, kwa hiyo unahitaji fungu kubwa ili uipate. Pia maisha yake ni mafupi. Jua litaishi miaka bilioni 10 hivi, ilhali nyota ya mara 100 haimalizi miaka milioni tatu na ushei. Ukilikuta fungu likiwa na umri wa miaka milioni 10, majitu yake yote yameshazikwa.

Mwaka 2005 Donald Figer alilichunguza kwa Hubble fungu la Arches, lililo karibu na kitovu cha galaksi yetu. Kwa mahesabu yake alitakiwa aone nyota kati ya 20 na 30 zinazozidi uzito wa Jua mara 130. Hakuona hata moja. Akahitimisha kwamba mpaka uko kwenye mara 150 hivi, na kwa miaka mitano jibu hilo likakubalika.

Kisha R136 likaja tena. Mwaka 2010 Paul Crowther wa Chuo Kikuu cha Sheffield na wenzake waliunganisha vipimo vya darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile na vipimo vya Hubble, wakatangaza kuwa nyota iitwayo R136a1 ina uzito wa Jua mara 265, na kwamba ilizaliwa ikiwa na uzito wa mara 320. Tofauti hiyo ilikuwa imepeperushwa na upepo wake yenyewe. Mpaka wa 150 ukavunjika.

Mwaka 2016 Crowther alirudi na kazi ambayo naiona ndiyo bora kuliko zote zilizofanywa juu ya fungu hili. Timu yake ilitumia spektrografu ya Hubble kuuchambua mwanga wa urujuanimno wa nyota za kiini cha R136 mojamoja, jambo ambalo hakuna darubini ya ardhini inayoweza kulifanya. Walikuta nyota tisa zenye uzito unaozidi Jua mara 100. Tisa hizo kwa pamoja zinang'aa kuliko Jua mara milioni 30. Baadhi yake hutupa angani kila mwezi gesi inayoweza kufikia uzito wa Dunia nzima, kwa kasi inayokaribia asilimia moja ya kasi ya mwanga. Upepo ule ambao IUE iliuona mwaka 1981 kama upepo wa kitu kimoja sasa ulikuwa na wenyewe, kila mmoja kwa jina lake.

Mwaka 2022 ukatoka uchunguzi mwingine, safari hii kutoka ardhini. Venu Kalari na wenzake, kwa darubini ya Gemini Kusini na mbinu ileile ya picha za muda mfupi iliyotumiwa na Weigelt na Baier, walipata picha kali zaidi kuliko zote za kiini hicho. Kwa mujibu wao R136a1 ina uzito wa Jua mara 196 hivi, kati ya 170 na 230. Kutoka 2,500 hadi 265 hadi 196: kila jicho lilipozidi kuwa kali, jitu lilipungua. Wapo wanaoona katika jambo hili udhaifu wa sayansi. Mimi naona kinyume chake. Namba ya kwanza ilikuwa ya umati uliodhaniwa kuwa mtu mmoja. Namba za sasa zinabishaniwa na watu wanaoitazama nyota moja iliyotengwa na jirani zake, na tofauti kati yao inaelezeka. Hata kwa mara 196, R136a1 ni miongoni mwa nyota nzito kuliko zote zinazojulikana.

Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021 kutoka Guiana ya Ufaransa, inautazama mji huo kwa njia nyingine kabisa. Yenyewe haioni urujuanimno. Inaona infraredi, mionzi inayopenya vumbi na ambayo vitu vya vuguvugu huitoa. Kwa sababu hiyo lazima iwe baridi mno, isije ikapofushwa na joto la mwili wake: imewekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya pazia la tabaka tano linaloikinga na Jua, na kioo chake cha mita 6.5 kiko chini ya nyuzi 220 za baridi. Picha yake ya Tarantula iliyotolewa Septemba 2022 ilifichua makumi ya maelfu ya nyota changa ambazo hazikuwahi kuonekana. Upepo wa R136 umechimba pango kubwa katikati ya wingu, na ni kuta nene tu za gesi zilizosalia, zikiwa zimesimama kama nguzo zilizoelekezea ncha zao kwenye fungu. Nyota moja iliyodhaniwa kuwa imeshaanza kusafisha mazingira yake ilikutwa bado imo ndani ya vumbi, ndiyo kwanza inachomoza. Bila infraredi umri wake ungeendelea kukosewa.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo lenyewe. Fungu zito linapozaliwa, nyota zake kubwa huanza mara moja kuitimua gesi iliyozizaa. Gesi ikiondoka, kuzaliwa kwa nyota hukoma hapo katikati, ingawa pembezoni huenda ile gesi iliyosukumwa na kusongamana ikazaa nyota mpya. Katika Westerlund 2, fungu la umri wa miaka milioni mbili hivi, Hubble imeonyesha kwamba nyota zilizo karibu na majitu ya katikati zimepungukiwa na vile visahani vizito vya vumbi ambamo sayari hutengenezwa, ilhali zilizo mbali zinavyo. Kwa maneno mengine, nyota inayofanana na Jua inaweza kunyimwa sayari kwa sababu tu ya mahali ilipozaliwa.

Pia nyota huyahama mafungu yao. Gaia, darubini ya anga ya Ulaya iliyopima mahali na mwendo wa nyota zaidi ya bilioni moja, ilitumiwa na Mitchel Stoop na wenzake mwaka 2024 kuwatafuta watoro wa R136. Walizipata nyota 55 zikikimbia kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100,000 kwa saa. Zilirushwa na mvutano wa nyota wenzao zilipokaribiana kupita kiasi. Kwa makadirio yao, huenda theluthi moja ya nyota nzito zilizozaliwa humo zimeshatoka. Kwa hiyo kila hesabu ya nguvu za nyota nzito inayotazama ndani ya fungu peke yake ina upungufu, na nyingine kati ya nyota hizo zitalipuka zikiwa mbali sana na nyumbani.

Na mwanzo wa ulimwengu je? Mwaka 2024 Angela Adamo wa Chuo Kikuu cha Stockholm na wenzake walitangaza kwamba Webb imeona mafungu matano mazito ya nyota changa katika galaksi ambayo tunaiona kama ilivyokuwa miaka milioni 460 tu baada ya Mlipuko Mkuu. Hakuna darubini inayoweza kuyatenganisha mafungu hayo kwa nguvu zake peke yake. Kundi la galaksi lililo njiani liliupinda na kuukuza mwanga huo kwa uzito wake, mpaka mafungu yenye upana wa miaka nuru michache yakaonekana moja moja. Yamesongamana kuliko hata mafungu machanga ya siku hizi. Kwa muda mrefu wanaastronomia wamejiuliza yale mafungu ya kale yenye umbo la tufe, kama Omega Centauri lenye nyota zinazokaribia milioni 10, yalizaliwaje. Kuyaona matano haya yakiwa bado machanga ni ushahidi wa karibu kuliko wote uliowahi kupatikana.

Hata hivyo, galaksi hizo za mbali tutaendelea kuzielewa kwa kupitia R136, kwa sababu huko mbali tunaona jumla na hapa jirani tunaona mojamoja. Ndiyo maana hali ya Hubble inanitia wasiwasi. Tangu Juni 2024 inafanya kazi kwa jairoskopu moja, na hakuna darubini nyingine ya ukubwa wake angani inayoona urujuanimno. Itakaponyamaza, mlango huo utafungwa mpaka mwingine ujengwe, na kuujenga ni kazi ya miongo. Mataifa yenye uwezo huo yasingojee mpaka ufungwe.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana bahati ambayo wa London na New York hawana. Kwao Wingu Kubwa la Magellan, ambamo Tarantula limo, halichomozi kabisa. Katikati ya Januari, saa nne za usiku, mahali pasipo na taa wala mbalamwezi, tazama kusini uitafute Suheli, nyota angavu ambayo mabaharia wetu waliifuata. Nyosha mkono, shuka chini yake kiasi cha ngumi mbili, kulia kidogo. Utaona ukungu mweupe uliotulia, ambao si wingu la mvua. Kutoka Nairobi uko chini karibu na upeo wa macho. Kutoka Mtwara au Lubumbashi uko juu zaidi na unaonekana vizuri. Ukiwa na darubini ya kawaida ya macho mawili, kwenye ukingo wa ukungu huo utakuta kidoa kinachong'aa kuliko sehemu nyingine. Hicho ni Tarantula, na R136 limo katikati yake.